Hizo Risasi Si Nguvu, Ni Njaa

Jumapili iliyopita nilisimama sheli moja barabara ya Bagamoyo, akaingia kijana na Kawasaki ya kijani, ekzosi mpya bado ina stika ya dukani. Akaachia resi. Pa! Pa-pa-pa! Dada wa pampu akaruka, dereva wa bajaji akainamisha kichwa, na vijana wa kijiweni wakatoa simu kurekodi. Jamaa akavua helmeti, uso umejaa raha. "Umeisikia, kaka? Sasa ndiyo inapumua."

Kupumua kweli inapumua. Inachokosa ni chakula.

Sijui nani alitufundisha kwamba pikipiki ikipiga risasi ndiyo ina nguvu. Ukiachia resi, kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inatoa mafuta kiduchu. Umeshafunga ekzosi inayopitisha hewa kirahisi huku jeti, vile vipande vyenye tundu la kupitishia mafuta ambavyo namba yake inaonyesha ukubwa wa tundu, ni zilezile za kiwandani, basi hewa inazidi, mchanganyiko unashindwa kuwaka vizuri kwenye silinda na unatupwa nje mbichi. Huko kwenye bomba unakuta joto, unakuta na hewa safi iliyopenya kwenye gasketi iliyofungwa vibaya au inayopulizwa na ule mfumo wa kusafisha moshi. Unalipuka. Hiyo ndiyo risasi yako. Nguvu iliyotakiwa kusukuma pistoni inalipukia nje, na wewe unapigiwa makofi.

Kelele pekee zisingeniuma sana. Kinachoniuma ni kwamba upungufu huohuo wa mafuta ukiwepo wakati umefungua resi yote, injini inachemka. Vali za moshi zinaungua, na ukizidi kung'ang'ania hata kichwa cha pistoni kinatoboka. Mtu katoa mamilioni kununua ekzosi bila kulia, ukimwambia anunue jeti nne anakuambia hali ngumu.

Nisijifanye mjuzi, mimi mwenyewe nilipitia humo, tena kwa mlango wa pili, wa mafuta kuzidi. Nina Yamaha R6 ya 2001, ya mwisho mwisho kabla hawajaiwekea nozeli za kupuliza mafuta badala ya kabureta mwaka 2003. Nilipoifunga ekzosi kamili nikaipeleka kwa fundi, jina lake nabaki nalo. Nilitegemea atoe jeti za namba kubwa zaidi. Akatoa biti ya keekee, ile ya kutobolea, nyembamba kama uzi, akaishika kwa vidole, akaanza kutoboa zile jeti zangu moja baada ya nyingine, anapuliza vumbi, anachungulia kwenye mwanga, "Hii tayari." Jeti nne, matundu manne, kila moja na ukubwa wake. Akamalizia kwa kufungua skrubu za mchanganyiko "ili inywe vizuri".

Ikanywa. Nilienda nayo Iringa. Mpaka Morogoro nilikuwa najiona bingwa. Tukaingia Mikumi, barabara inakatisha hifadhi kwa karibu kilomita 50 na spidi imewekewa kikomo. Unatembea na resi ndogo kabisa, muda wote huo skrubu zile zinaimwagia mafuta. Ikaanza kukohoa. Ikazima. Nimesimama kando ya lami, twiga watatu wananitazama kama wanasubiri nieleze, nachomoa plagi kwa mikono inayotetemeka. Nyeusi tii, masizi yamejaa mpaka ndani. Nilizisugua kwa kipande cha msasa huku nageuka nyuma kila dakika.

Halafu ukaja mlima Kitonga, wa kupandia Iringa. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 16 ukilinganisha na Dar. Kabureta haijui hilo, yenyewe inamwaga tu. Kwa hiyo pikipiki iliyokuwa na mafuta mengi Dar, Iringa ikawa mlevi. Lori la saruji lilinipita mlimani. Sitasema zaidi.

Nilivyorudi nilinunua jeti mpya, namba tofauti tofauti, nikakaa nazo mwenyewe wiki tatu. Nilibandika utepe mweupe kwenye mkono wa resi nikachora alama: robo, nusu, robo tatu, mwisho. Maana kabureta haina ugonjwa mmoja. Ikikohoa chini ya robo, angalia jeti ndogo na skrubu yake. Ikivuta kwa kusita kati ya robo na robo tatu, ni sindano ya ndani ya kabureta. Pandisha au shusha klipu yake kijino kimoja. Jeti kubwa inasema neno kuanzia robo tatu kwenda juu. Wengi wanabadilisha jeti kubwa kutibu tatizo lililo kwenye sindano, halafu wanalaumu ekzosi. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Nilipofungua resi yote kwenye gia ya tatu, nikakata moto huku nimebana klachi na kuchomoa plagi, nikakuta kahawia hafifu, nilikaribia kuibusu.

Na kabla ya kugusa kabureta, injini ikiwa bado ya baridi iwashe, ziba mdomo wa ekzosi kidogo kwa tambara na usikilize maungio. Ukisikia "ssss", shida yako ni gasketi ya bei ya soda.

Wa nozeli msicheke. Sensa ya kawaida ya oksijeni inasoma vizuri pale karibu na 14.7 kwa 1 tu, yaani hewa kwa petroli. Resi yote ikifunguliwa injini inataka kama 13, na hapo kompyuta inafuata jedwali iliyopewa kiwandani. Ukiweka Power Commander, kile kifaa cha kubadilisha hesabu za mafuta, na ramani (jedwali la mafuta) ya mtu wa Ulaya mwenye ekzosi nyingine na kichujio kingine, umevaa miwani ya jirani.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: ukibadilisha bomba la nyuma peke yake kwenye pikipiki ya nozeli, mara nyingi inatembea salama bila kuguswa. Mara nyingi.

Zile jeti zilizotobolewa sikuzitupa, moja nimeifunga kwenye ufunguo. Pale sheli nikampa yule kijana pamoja na nzima niliyokuwa nayo kwenye begi, nikamwambia azielekeze juani. Akafumba jicho moja, akaangalia hii, akaangalia ile, akasoma maandishi ya ubavuni.

"Mbona namba ni ileile, kaka?"

"Ndiyo hapo sasa."

Akanirudishia, akauliza namba ya simu ya fundi. Nikamwambia fundi gani, wa kutoboa? Akacheka, akapiga stati, akaondoka na risasi zake mpaka Tegeta.