Fulana ya Mke Wangu Kwenye Friza ya Soksi

Mbu wa malaria hajali sura ya mtu. Hufuata kaboni dioksidi tunayoitoa puani, joto la mwili na harufu inayotengenezwa na bakteria wa ngozi. Bart Knols na Ruurd de Jong walipewa tuzo ya Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha, mwaka 2006 kwa kuonyesha kwamba jike la Anopheles gambiae, mbu aenezaye malaria, huvutiwa na jibini inukayo ya Limburger sawa na anavyovutiwa na miguu ya binadamu. Basi na mimi, msomi mzima, nikamwacha mke wangu nikaenda nchi ya watu kukusanya soksi chafu za kuwa chambo cha mbu.

Kazi yenyewe haina siri. Mshiriki anavaa soksi safi kutwa, bila manukato, anazivua, tunazitia kwenye mfuko wa plastiki, tunaandika alama na tarehe, kisha zinaingia kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, harufu isipotee.

Wakati naondoka, mke wangu alinipa fulana yake ya kulalia, haijafuliwa. "Ukinikumbuka, nusa." Nikanusa kwa bidii hadi ikaanza kuisha harufu. Sasa mtu anayetunza harufu za miguu ya wageni, ya mkewe imshinde? Nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaandika herufi za jina lake na tarehe, nikaificha chini kabisa ya friza. Upweke ukinizidi jioni naingia maabara, navuta pumzi, nairudisha. Siku moja mlinzi alinifumania nimetumbukiza uso kwenye mfuko. Akageuka akaenda zake bila salamu. Kwake yeye, mle ndani mlikuwa na soksi tu.

Kisha nikaenda vijijini kutega mitego. Niliporudi nikakuta maabara nzima imechangamka. Mwenzangu mmoja alikuwa amefika chini ya friza.

Tuna sanduku la kupimia chambo: mbu majike wanaachiwa upande mmoja, hewa inapulizwa kutoka matundu mawili, kila tundu na harufu yake, wao wanachagua. Tundu moja waliweka "sampuli mpya". La pili, soksi zangu mwenyewe. Mbu walimiminika kwa mke wangu. Kwangu walibaki wachache, nao walionekana wamepotea njia.

"Huyu mshiriki ni dhahabu," mkuu wa utafiti akasema. "Ni nani? Apatikane leo leo."

"Ni mke wangu."

Kimya. Halafu akauliza swali ambalo kila mtafiti huliogopa kuliko malaria yenyewe: "Fomu yake ya ridhaa iko wapi?"

Sampuli ya mtu haipimwi bila ridhaa yake. Kamati ya maadili haina utani. Ikabidi nimpigie simu ya video, timu nzima imejipanga nyuma yangu, nimweleze yaliyotokea.

"Yaani fulana niliyokupa unuse wewe, mmewapa mbu?"

"Kwa bahati mbaya, mke wangu."

"Wakasemaje?"

"Wamekupenda. Kunizidi mimi, tena mbali sana."

Uso ukamlainika. "Angalau huko kuna wanaojua kuthamini. Haya, soma hiyo fomu."

Nikasoma: madhumuni, madhara, faida, siri ya mshiriki, haki ya kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu. Nyuma yangu mtu alikuwa anakohoa kuficha kicheko. Nikafika mahali pasemapo mshiriki atarudishiwa nauli ya kufika kituo cha utafiti.

"Hapo hapo," akasema. "Rudia."

Nikarudia.

"Nimeridhia. Nitasaini nikifika. Mwambie mkubwa wako tiketi ni ya ndege, na mimi napenda kukaa dirishani."

Mkuu wa utafiti, mtu anayedai maelezo ya maandishi kalamu moja ikipotea, akainama kwenye skrini na kuanza kupaza sauti: "Haloo? Haloo? Mtandao unakatika!"

Na simu ilikuwa yangu.