Fundi miti akikodi mashine siyo kwamba kashindwa maisha

Mteja anakufungulia geti, hata mti hajakuonyesha, swali la kwanza ni la chensoo, ule msumeno wa mashine: "Fundi, mashine ni yako?" Ukijibu ya kukodi unaona kabisa kashakuweka kwenye kundi la deiwaka, vibarua wa siku, na ile bei uliyokuja nayo kichwani inaanza kushuka kabla hujaitaja. Na siyo wateja tu, sisi wenyewe mafundi wa kukata miti hapa Dar tunaambiana hivyohivyo, kijana akianza kazi anaambiwa nunua chensoo yako, acha kumtajirisha mwenye mashine. Ushauri huo una hesabu yake, mi naiita ya siku 40. Tuseme mashine ni 1,600,000 na kukodi ni 40,000 kwa siku, basi ndani ya siku 40 umeshalipa bei nzima ya mashine na bado siyo yako.

Hesabu iko sawa. Ninachobishana nacho ni hilo neno siku, maana sijawahi kusikia mtu akiuliza siku zipi.

Mi kila kazi naiandika kwenye daftari. Mwaka jana nilipata kazi 58. Ukitoa za kupunguza miashoki ya ukutani, kusafisha minazi, mipapai iliyoinamia paa, ambazo zote nilizimaliza kwa panga na msumeno wa mkono, zinabaki 31 za mashine. Kwa hiyo zile siku 40, kwangu mimi, ni zaidi ya mwaka na miezi mitatu. Halafu katika hizo 31 mashine iliyotakiwa haikuwa moja. Ukiwa juu ya mti unataka kamashine kadogo, kale ka mshikio wa juu, ka kilo tatu na nusu hivi, maana uko kwenye kamba, mguu mmoja kwenye tawi mwingine unatafuta pa kukaa. Ukishuka kwenye gogo la mwembe ambalo watu wawili wakilikumbatia mikono haikutani, unataka kubwa, mfano Stihl MS 381, ambayo ni kilo 6 na ushee ikiwa kavu, haina mafuta wala ule upanga unaobeba cheni. Hiyo kupanda nayo juu ni kutafuta matatizo. Sasa anayesema nunua mashine yako anamaanisha ipi? Ukinunua ya katikati kazi zote mbili utazifanya kwa shida, ukinunua mbili zile siku zinakaribia 80, na kwa daftari langu 80 ni zaidi ya miaka miwili na nusu. Na hapo hujanunua cheni, hujanoa, hujabadilisha plagi wala kusafisha kabureta, hujalala na wasiwasi wa mwizi kwenye chumba kimoja cha kupanga.

Na hiyo hela inatoka wapi? Wengi wetu hatuna 1,600,000 imekaa tu, kwa hiyo inatoka kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Marejesho ni kila wiki, wakati kazi zetu haziji kila wiki. Zinajaa Februari na Machi watu wanapoiogopa masika, zinajaa tena upepo ukishaangusha tawi kwa jirani. Mei 2024 kile kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja pwani yetu simu yangu haikupumzika, kila mtu anataka mti wake upunguzwe leo leo. Wiki chache mbele kimya, unakaa hata siku 20 hujaitwa popote. Namjua kijana mmoja alichukua mashine mpya kwa mkopo wa namna hiyo, mashine nzuri kabisa, mwezi wa tatu wa marejesho akaanza kukubali kazi ambazo zamani alikuwa anazikataa. Mti wa mkungu umelala kwenye waya wa TANESCO, laini haijazimwa, mwenye nyumba anasema "we kata tu, hamna shida", na yeye anapanda kwa sababu kesho ni Ijumaa. Nilimwambia kaka shuka, tusubiri wazime. Akanijibu hao wa mkopo watanisubiri? Mungu alisaidia siku ile hakuna kilichotokea. Hiki ndo kitu ambacho hesabu ya siku 40 haikionyeshi, kwamba mashine ya mkopo inakuondolea nafasi ya kusema hapana, na kwenye kazi hii kusema hapana ndo kunakokurudisha nyumbani mzima.

Ila wanaosema nunua siyo wajinga, kuna sehemu wamenishika na lazima niseme. Siku ile ya Hidaya kila mtu alikuwa anatafuta mashine, nilizunguka mpaka mchana ndo nikapata moja, kazi mbili zikaenda kwa mwenzangu mwenye yake. Pia baada ya zile siku, hata zikiwa miaka miwili, yeye anabaki na mali anayoweza kuiuza akipata shida, mi nabaki na risiti.

Na kuna la tatu ambalo kwangu ndo zito kuliko yote, saa. Ukikodi kwa siku, mwenye mashine anaitaka jioni, ukipitisha unalipa siku nyingine. Ikifika saa kumi na gogo bado limesimama nusu, mkono unaanza kwenda haraka kuliko akili. Wanaotengeneza zile suruali za kinga za wakata miti, za daraja la 1 wanazipima na cheni inayokimbia mita 20 kwa sekunde. Izidishe, ni kilomita 72 kwa saa, yaani meno yanapita mbele ya goti lako kwa mwendo wa basi la mkoani likiwa barabara kuu, na wengi wetu tuko na jinzi tu. Sasa mtu wa hivyo ndo umempa saa ya kushindana nayo. Kwa hiyo anayesema kukodi kunaleta haraka, nakubaliana naye kabisa, na tangu nilielewe hilo kazi ya gogo kubwa naipangia siku mbili hata kama naona itaisha kwa moja, hiyo siku ya pili naiweka kwenye bei ya mteja. Akikataa, basi. Kuna kazi nimezikosa kwa sababu hiyo.

Lawama nyingine, ile ya kwamba mashine za kukodi ni mbovu na ukiiharibu unalipa, hiyo naona haijapimwa vizuri. Mwaka juzi nilikuwa na mwembe wa uani Tabata, mzee wa nyumba kaukuta umesimama pale tangu alipohamia. Nimeshusha matawi yote, nimeanza gogo, ghafla sauti ikabadilika, cheche, halafu mashine ikawa inasugua tu badala ya kula. Kumbe ndani kulikuwa na msumari na kipande cha waya wa kuanikia nguo, mti ulishaumeza zamani, ganda limefunga juu huoni chochote. Jioni mwenye mashine alipokuja hakuuliza kitu, aliinama akachukua kilichomwagika chini akakisugua kwenye kiganja. Cheni iliyonolewa vizuri inatema vipande, unaviona kabisa, vina kingo. Cheni butu inatoa unga. Pale juu kulikuwa na vipande, chini yake unga mtupu. Akaniambia mdogo wangu, hapa umekatia chuma. Nikalipa cheni mpya.

Watu wanaitoa stori kama hiyo kama ushahidi wa ubaya wa kukodi. Mi naiona tofauti, maana ule msumari ungekuwa mlemle kwenye mwembe hata kama mashine ingekuwa yangu, na cheni ningenunua vilevile. Tofauti ni kwamba mwenye mashine yake hasara hiyo haiandiki popote, anasema tu hela imeisha. Mi niliyekodi niliiona siku ileile kwa jina lake, na wiki iliyofuata nikaanza kumuuliza kila mteja kabla ya bei: kuna waya, msumari, bango lililowahi kupigiliwa hapa? Na kwenye makubaliano nikaongeza, chuma kikitokea ndani ya mti cheni ni ya mwenye mti. Wengi wanakubali bila maneno ukiwaeleza mapema.

Kukodi kwenyewe kuna namna yake na hapa ndo vijana wanaumia, wanachukua mashine kwa haraka wanaondoka na boda. Mi siondoki mpaka imewashwa mbele ya mwenye nayo na tumekata kigogo chochote kilichopo pale, tuone inatema nini. Najaribu breki ya cheni, ile ya mbele ya mkono, nikiisukuma cheni isimame hapohapo, isiposimama siichukui hata kwa bure. Mafuta nachukua tenki likiwa tupu nachanganya mwenyewe, lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili ya tustroku kama oili ni ya moja kwa hamsini, na zipo oili zinazotaka moja kwa ishirini na tano, hapo ni 200. Ukikosea pistoni inakwama, na pistoni ikikwama wakati mafuta kachanganya mwenye mashine, hamtaelewana milele. Na mwenye mashine makini na yeye anakuuliza kibali cha kukata huo mti kiko wapi, kwa sababu mashine ikikamatwa ni yake. Asiyekuuliza naanza kumwogopa.

Mahali ninapotofautiana hata na wakodishaji wenzangu ni kwenye kamba. Siku hizi kuna watu wanakodi kila kitu kwa pamoja, mashine, ngazi, mkanda na kamba, bei moja. Ngazi sawa, winchi sawa, Canter ya kubebea magogo sawa. Kamba hapana. Mashine ukiiwasha inakuambia hali yake, kamba haisemi. Hujui ililala kwenye buti juu ya maji ya betri, hujui ilifungia gogo la nguvu wiki iliyopita likaishtua, hujui imekaa juani miezi mingapi. Ile manila ya hadwea ilitengenezwa kufungia mizigo na wengi ndo tunaning'inia nayo mita 12 juu. Nilipouza ile mashine yangu, maana na mimi niliwahi kuinunua kwa sababu ya hesabu hiyohiyo ya siku 40, hela ya kwanza nilinunua kamba ya kupandia mpya, mkanda wa kukaa na kofia ngumu. Havikumaliza hata nusu ya hela ya mashine. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza juu ya hivyo vitu, wala nimepanda navyo miaka mingapi, wanauliza mashine tu. Ndo maana naandika, kwa sababu kijana anayejikusanyia elfu tano tano anaambiwa zote zikaishie kwenye chensoo na anapanda na kamba ya kuazima.

Njia ya kati ipo na tumeanza kuijaribu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Vijana tunaofanya nao kazi wameunda kikundi, wanataka mashine kubwa moja tu, kila mmoja ataikodi kutoka kwenye kikundi kwa bei ya chini na hela hiyo ndo inanunua cheni na kurudisha mkopo. Mi umri umenipita siwezi kuingia, nawasaidia kuandika masharti. La nani anakaa nayo siku ya upepo wameshakubaliana, ni anayeandikisha kazi kwanza. Kununua kamba, kila mtu yake, hilo nimewaandikia la kwanza kabisa. Kilichobaki na kinachotuumiza kichwa ni mmoja wao akikatia msumari halafu mteja akagoma kulipa cheni, kama itoke kwenye mfuko wa kikundi au mfukoni kwake, na jana usiku tumeachana bila jibu.