Presha ishuke hadi 120? Tuangalie kwanza ilivyopimwa

Kwa miaka mingi daktari anayetibu presha alikuwa na mstari mmoja kichwani: namba ya juu ya kipimo, yaani presha moyo unaposukuma, ishuke chini ya 140, basi. Septemba 2015 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikatangaza kwamba utafiti wa SPRINT unasitishwa kabla ya muda wake, kwa sababu tofauti kati ya makundi yake mawili ilikuwa imeshajitokeza wazi. Watu 9,361 wa miaka 50 na kuendelea, wote wakiwa katika hatari ya maradhi ya moyo, waligawanywa: kundi moja lishushwe chini ya 120, jingine chini ya 140. Ukijumlisha mshtuko wa moyo, kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi na vifo vya moyo, kundi la 120 lilipata balaa hizo pungufu kwa robo. Vifo vya sababu zote vilipungua kwa asilimia 27.

Mwaka 2017 miongozo ya Marekani ikashusha mpaka wenyewe wa ugonjwa hadi 130/80, na mamilioni ya watu wakalala wazima wakaamka wagonjwa. Ulaya ikabaki na 140/90. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wa 2021, likasema kwa watu wengi dawa zianze kwenye 140/90.

Wanaoitetea 120 hawabahatishi. Moyo unaosukuma damu dhidi ya presha kubwa mwaka baada ya mwaka hunenepa ukuta wa chumba cha kushoto, kisha ukuta huo hukakamaa na mwishowe huchoka. Ukiupunguzia kazi mapema, unapona hayo. Ndiyo maana katika SPRINT moyo kushindwa kufanya kazi kulipungua kwa asilimia 38, zaidi hata ya mshtuko wa moyo. Wapinzani walikuwa wakiutumia utafiti wa ACCORD wa mwaka 2010, ambapo watu 4,733 wenye kisukari walishushwa hivyohivyo na faida ya jumla haikuonekana, ingawa kiharusi kilipungua. Lakini mwaka 2024 utafiti wa BPROAD wa China, wenye wagonjwa wa kisukari 12,821, uliona balaa za moyo na mishipa zikipungua kwa asilimia 21. Hoja ya kisukari imepwaya.

Hoja ya wazee haijapwaya. Msuli wa moyo haupati damu yake ya kutosha unaposukuma. Huipata zaidi unapopumzika, kati ya pigo na pigo, na inayoipeleka damu hiyo ni presha ya wakati huo, ile ya namba ya chini kwenye kipimo. Ateri kubwa za mtu wa miaka 75 zimekakamaa kama mpira wa kumwagilia uliosahaulika juani, kwa hiyo namba ya juu hupanda huku ya chini ikishuka. Mzee mwenye 165/65 ukimbana kwa vidonge hadi 120, ile 65 itakimbilia wapi? Na figo, ambazo huchuja damu kwa nguvu ya presha hiyohiyo, huonja mapema. Katika SPRINT figo kuumia ghafla kulikuwa asilimia 4.1 kwa kundi la 120 na 2.5 kwa kundi la 140, kuzimia, 2.3 dhidi ya 1.7. Ila kuanguka na kuumia hakukuongezeka, jambo ambalo watetezi wa 140 hulipita mbio. Watetezi wa 120 nao hulipita hili: mtu ambaye baada ya kusimama dakika moja presha yake ilikuwa chini ya 110 hakuruhusiwa kuingia kwenye utafiti. Yaani wale wenye kizunguzungu cha kusimama, ambao kila kliniki inawajua, wengi hawamo kabisa kwenye hesabu.

Halafu ile robo. Kwa mwaka, balaa zilikuwa asilimia 2.19 kwenye kundi la 140 na 1.65 kwenye la 120. Watu 61 watibiwe kwa ukali huo kwa miaka 3 na ushee ili mmoja aepushwe. Mimi siioni kuwa faida ndogo, ugonjwa wenyewe ukiwa umeenea hivi. Lakini kila mmoja wa hao 61 anameza wastani wa dawa tatu badala ya mbili, na anayenunua kwa fedha yake mfukoni atauliza.

Kinachonisumbua zaidi ni kipimo. Mshiriki wa SPRINT alikaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu sakafuni, kimya dakika tano, mashine ikampima yenyewe mara tatu na kutoa wastani. Sasa njoo kliniki ya presha ya asubuhi. Mama amepanda daladala mbili, amepandisha ngazi, mkojo umembana. Anafungwa mkanda juu ya mkono wa sweta, mkono unaning'inia, na muuguzi mwenye foleni hadi mlangoni anamuuliza kama dawa za mwezi uliopita alizimaliza. Mama anajibu huku mashine ikivuma. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuipandisha namba, na vikikutana inapanda zaidi. Inasoma 138. Huenda angekaa kimya dakika tano ingesoma 125. Ukimwongezea kidonge kwa 138 hiyo ukidhani unaifuata SPRINT, unafanya jambo ambalo SPRINT haikulipima.

Kwa hiyo msimamo wangu uko hivi: chini ya 120 ni lengo halali kwa mtu asiyepata kizunguzungu akisimama, anayepimwa kwa utulivu ule na kuangaliwa figo mara kwa mara. Kwa aliyepimwa mbiombio, ni kumwongezea dawa kwa kubahatisha.

Na kwetu mzigo mkubwa hauko kati ya 140 na 120. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kuwa wanayo, na waliodhibitiwa ni takribani mmoja kati ya watano. Kwa hao, utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika nchi sita za Afrika zikiwamo Kenya na Uganda, una jibu la karibu zaidi: kwa Waafrika weusi 728, mchanganyiko wenye amlodipini, dawa inayolegeza mishipa ya damu, ama na dawa ya kukojosha ama na perindopril, dawa nyingine ya presha, ulishusha presha kuliko perindopril na dawa ya kukojosha peke yake. Amlodipini ni ya bei nafuu na inapatikana. Kumtoa mtu 170 hadi 140 kwa vidonge hivyo viwili kunaokoa zaidi kuliko kumtoa mwingine 138 hadi 120, na hakuhitaji kusubiri mjadala wa Marekani na Ulaya uishe.