Mama aliyevuka mpaka amsomee mwanawe kitabu kipi?

Jirani yangu hapa Arusha, mama aliyetoka Bujumbura, anauza vitenge soko la Kilombero. Alipofika, mkalimani wake alikuwa binti yake wa darasa la tatu. Wakienda kliniki, mtoto ndiye anayemweleza nesi mama anaumwa wapi. Mwalimu akiandika ujumbe kwenye daftari, mtoto ndiye anayemsomea mama, na bila shaka yapo aliyoyaruka. Mtoto hunasa Kiswahili mtaani kwa miezi michache, mzazi anabaki nyuma, na taratibu neno la mwisho nyumbani linahamia kwa yule anayeweza kuongea na watu wa nje.

Kwa hiyo nikisikia kwamba maktaba iwasaidie wageni kwa kuwafundisha watoto wao lugha, naona msaada unapelekwa pasipo na shida. Mtoto atajifunza tu. Anayekihitaji zaidi kitabu cha mtoto ni mama yake.

Mwaka 1921 maktaba ya umma ya New York ilimwajiri Pura Belpré, Mpuerto Rico wa kwanza kufanya kazi humo. Kisheria watu wa kisiwa chake walikuwa raia wa Marekani tangu 1917, lakini lugha yao iliwafanya wageni mtaani. Belpré akaanza kuwasimulia watoto hadithi kwa Kihispania na Kiingereza. Ile ya mende na panya, aliyosimuliwa na bibi yake, hakuikuta kwenye rafu yoyote, akaiandika mwenyewe, ikachapishwa 1932. Hebu fikiria maana yake kwa mzazi asiyejua Kiingereza: anaingia kwenye jengo la wenyeji, anakaa, anaelewa, na safari hii yeye ndiye anayejua hadithi inaishaje kabla ya mwanawe. Uswidi wameliweka jambo hili kwenye sheria. Sheria yao ya maktaba, iliyoanza kutumika 2014, inazitaka maktaba ziwajali kwa namna ya pekee watu ambao lugha yao ya kwanza si Kiswidi.

Sasa turudi kwetu, kwenye hoja ya wanaopinga maktaba kuweka vitabu vya lugha za wageni. Ina uzito na sitaikwepa.

Kwanza fedha. Rafu za watoto katika maktaba zetu nyingi zimejaa vitabu vya msaada vya Kiingereza, vingine vya watoto wanaocheza kwenye theluji. Hadithi za Kiswahili ni chache na zimechakaa kwa kushikwa. Mtoto wa Ngarenaro aliyezaliwa hapahapa anaweza kumaliza shule ya msingi bila kumiliki kitabu hata kimoja cha hadithi. Mtu akiuliza kwa nini tununue vya Kirundi kabla huyu hajapata vya Kiswahili, si mchoyo. Anauliza swali la haki.

Pili, lugha yenyewe. Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichotuwezesha Mmeru, Mchaga na Mmaasai kukaa darasa moja bila mmoja kuwa mgeni. Hakuna aliyetuwekea sisi rafu ya Kimeru. Mbona tulielewana? Hoja hii inanigusa, kwa sababu mimi mwenyewe ni mtoto wa hiyo safari. Bibi yangu alitusimulia jioni kwa Kimeru, sisi tukimjibu kwa Kiswahili. Nilipomaliza sekondari nilikuwa nasoma riwaya, ila nisingeweza kusimulia hadithi yake moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Amefariki. Hakuna mahali ninapoweza kwenda kuzisoma. Taifa nimelipata na nalipenda, lakini gharama yake naijua, na sioni kwa nini mama wa Kilombero alipe gharama ileile wakati tunajua njia ya kuipunguza.

Njia hiyo haihitaji fedha za New York. Kuna vitabu visivyo na maneno, picha tupu. IBBY, bodi ya kimataifa ya vitabu vya vijana na watoto, ilianza mwaka 2012 kuvikusanya kwa ajili ya maktaba ya kisiwa cha Lampedusa, Italia, wanakofikia wahamiaji wanaovuka bahari. Mama anasimulia kwa lugha yake na hakosei. Upungufu wake ni kwamba havifundishi herufi, na mzazi ambaye hakuzoea vitabu anaweza kuziangalia picha na asijue aanzie wapi, kwa hiyo havitoshi peke yake. Halafu kuna hadithi za bure za mradi wa African Storybook, ambazo unaweza kuzichapisha mwenyewe, za Kiswahili na za Kinyarwanda, ambacho Mrundi anakielewa bila taabu. Rafu ya Kiswahili ijazwe kwanza, hapo nakubaliana na wapinzani. Ila kurasa chache zilizobanwa pamoja hazimnyang'anyi mtoto wa Ngarenaro kitu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mlango. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga nayo 2022 na Somalia 2024, na familia za maofisa zina shule za kulipia na vitabu vyake. Familia ya sokoni iko mbali na hayo. Mtu ambaye karatasi zake hazijakaa sawa anaogopa kila kaunta anapoulizwa jina, na huduma nyingi mjini zinaanza na barua ya serikali ya mtaa. Kuazima kitabu kudai barua, sawa. Kukaa ndani na mwanao na kusoma kusidai chochote, na mkutubi amwambie hivyo mapema, kabla hajageuka.

Kitabu cha jirani yangu hakikutoka maktaba, nilimwazima mimi. Cha Kiswahili, cha wanyama. Alikuwa anapitisha kidole chini ya maneno, binti yake kando akisubiri amsahihishe. Akafika kwenye mbwa, akacheka: kwao ni imbwa. Kuku, inkoko. Ng'ombe, inka. Kwenye ndovu akasimama, akamtazama binti yake, akasema inzovu, na mtoto akamuuliza ni nini hiyo. Neno hilo alikuwa halijui. Mama akamweleza, kisha akakumbuka kisa cha inzovu na sungura, akaanza kukisimulia kwa Kirundi huku kitabu kikiwa wazi mapajani. Binti aliacha kumsahihisha. Mama alipokatiza kidogo ili amhudumie mteja, mtoto alimvuta kitenge: "Halafu?"