Asili ya Mgonjwa Haitoshi Kulitambua Jiwe Lake

Takwimu zinazolinganisha mawe ya figo kwa makundi ya watu husomwa kwa haraka mno. Ni kweli kwamba nchini Marekani Wazungu hupata mawe haya mara nyingi kuliko Weusi, na kwamba Wahmong, watu wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, waliohamia jimbo la Minnesota wamebainika kuwa na mawe mengi ya asidi ya yuriki kuliko majirani zao, ambao kwa kawaida huwa na ya kalsiamu oksaleti. Hata hivyo, anayehitimisha kutokana na hayo kwamba kila kabila lina jiwe lake amekwenda mbali kuliko ushahidi wenyewe.

Sikatai kwamba urithi una nafasi yake, na nafasi hiyo huonekana wazi zaidi katika mawe yaliyo adimu. Mawe ya sistini (mojawapo ya asidi amino, yaani viambajengo vya protini) hutokea pale figo zinaposhindwa kuirudisha sistini kwenye damu, kasoro ambayo mtu huirithi kwa wazazi wake. Miongoni mwa Wayahudi wenye asili ya Libya inakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 2,500, ilhali kwa watu kwa jumla hukadiriwa kuwa 1 kati ya 7,000. Vivyo hivyo, upungufu wa kimeng'enya kiitwacho APRT, ambao nao hurithiwa na kuleta mawe ya figo, umetambuliwa zaidi Japani, Iceland na Ufaransa. Katika hali kama hizi, daktari asiyeuliza ukoo wa mgonjwa anapoteza habari muhimu.

Mawe ya kawaida, kwa upande mwingine, hufuata kemia ya mkojo, na kemia hiyo hubadilika kwa chakula, joto, unywaji wa maji na maradhi mengine. Asidi ya yuriki huganda mkojo unapokuwa na tindikali nyingi, hali inayowapata sana wenye kisukari na unene uliozidi, wawe wa asili yoyote. Historia ya mawe ya kibofu kwa watoto (najua kibofu si figo, lakini funzo ni lile lile) inatosha kumtia shaka anayeamini kwamba kila tofauti imo katika damu: watoto wa Norfolk, Uingereza, waliugua sana katika karne ya 18 na ya 19, kisha ugonjwa huo ukafifia lishe ilipoboreka, bila vinasaba vya watu wa huko kubadilika.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni matibabu, iwapo aina ya jiwe itakisiwa kwa asili ya mgonjwa. Mawe ya asidi ya yuriki huweza kuyeyushwa kwa dawa inayopunguza tindikali ya mkojo, kama potasiamu sitreti, bila upasuaji wowote. Lakini mkojo uliopungua tindikali kupita kiasi ndimo mawe ya kalsiamu fosfeti yanamostawi. Tena mawe yanayotokana na upungufu wa APRT hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida, kama yasivyoonekana yale ya asidi ya yuriki, na hivyo huchanganywa nayo, ilhali kupunguza tindikali hakuyasaidii. Mgonjwa mwenye upungufu huo anahitaji alopurinoli, dawa inayozuia mwili kutengeneza kemikali inayounda mawe hayo, pengine maisha yake yote. Kwa hiyo jiwe lililotoka, liwe limetolewa na daktari au limepita lenyewe, lipelekwe maabara likapimwe, na asili ya mgonjwa iandikwe kando ya majibu hayo, isiwekwe mahali pake.