Jina la Mũgo Lirekebishwe Kabla Kiraka Hakijapokewa

Niliwahi kupokea kwa barua pepe kiraka cha programu, yaani faili la marekebisho ya msimbo wake, na pale palipostahili jina Mũgo pakasomeka MÅ©go. Mwenyewe alinijibu kwamba nisijisumbue, angeandika Mugo tu kama wafanyavyo wengi. Nilimkatalia, kwa sababu ũ katika Kikuyu ni vokali kamili, wala si u iliyopambwa.

ASCII, kanuni ya zamani ya kuwakilisha herufi kwa namba katika kompyuta, ina alama 128 pekee na ũ haimo. Katika UTF-8, kanuni pana zaidi, herufi hiyo huandikwa kwa baiti mbili, C5 na A9, na programu inayodhani kwamba barua iko katika Latin-1, kanuni ya baiti moja kwa kila herufi, huzisoma moja moja, ikatoa Å na ©. Kwa hiyo jina halijapotea. Limesomwa kwa kanuni isiyo yake. (Majina kama Ng’ang’a nayo huvurugika vivyo hivyo, simu inapoweka alama iliyopinda badala ya ile iliyonyooka.)

Mimi huanza kwa mtumaji: jina likisomeka vizuri katika git log yake (orodha ya mabadiliko katika Git, programu ya kutunza historia ya msimbo), tunafungua faili la kiraka lililotolewa na git format-patch. Tukikuta =?UTF-8?q?M=C5=A9go?= kwenye mstari wa From, yaani wa mtumaji, hapo hapana kosa, kwani hivyo ndivyo RFC 2047, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1996, inavyoagiza vichwa vya barua vibebe herufi zisizo za ASCII, na git am, amri ya kupokea kiraka, hulifumbua jina lenyewe. Wapo wanaouogopa msururu huo wakaufuta kwa mkono, na hapo ndipo uharibifu unapoanza. Mstari wa Signed-off-by, yaani sahihi ya mtoa kiraka, ni habari nyingine: umo ndani ya mwili wa barua, haufungwi kwa namna hiyo, na usalama wake unategemea Content-Type, kichwa kinachoeleza kanuni ya herufi za barua, kutaja UTF-8. From ikiwa sawa na Signed-off-by ikawa imevurugika, nenda moja kwa moja kwenye Content-Type.

Nasisitiza kazi hii ifanywe mapema kwa sababu Git huingiza jina la mwandishi katika hesabu ya heshi, namba inayotambulisha kila badiliko. Ukilisahihisha baadaye, heshi ya badiliko hilo na za yote yaliyojengwa juu yake hubadilika, na mradi wenye watu wengi hauwezi kuvumilia jambo hilo. Faili la .mailmap, orodha ya masahihisho ya majina, litaonyesha jina sahihi, lakini kosa litabaki ndani ya kumbukumbu. Msimamizi anayepokea viraka ana wajibu wa kusoma mstari wa Author kabla hajasambaza chochote. Kiraka kile nilimwomba Mũgo akitume upya kwa git send-email, na kikaingia na ũ yake.