Mshauri wa Shehia: Ukaribu Unaponya, Ukaribu Unafunga Mdomo

Swali letu ni kama vijana wa Pemba wenye dhiki ya akili wanaweza kusaidiwa na mshauri wa shehia, yaani mtu wa kawaida aliyefundishwa kazi hiyo katika shehia, eneo dogo la utawala la Zanzibar. Kwamba mtu asiye daktari anaweza kufundishwa kumsaidia mwenye sonona ya kawaida, yaani huzuni nzito inayodumu, hilo halina ubishi tena. Harare, mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuyachambua matatizo yao, moja baada ya jengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu 573, ulionesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mtindo huo umeshafika mpaka Zanzibar. Tatizo ni kuwa wanaoutaja kama dawa ya vijana huishia hapo. Wengi katika watu hao 573 walikuwa wanawake, na umri wao wa kati ulikuwa miaka 33. Kijana wa miaka 17 wa Konde, Pemba, anayeshinda maskani, pale vijana wanapokaa kuzungumza, na kulala nyumba ya mjomba wake, hakuwemo.

Ushahidi wa vijana wenyewe upo, ila ni wa tahadhari zaidi. Kenya, mwaka 2021, ulichapishwa utafiti wa wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi waliokaa vikao vinne katika vikundi, vikiongozwa na vijana wenzao waliomaliza skuli karibuni. Walipata nafuu. Kundi la kulinganisha, lililofundishwa mbinu za kusoma tu, nalo lilipata nafuu, ingawa ndogo. Uingereza, mwaka uliofuata, ilijulikana kuwa masomo ya kutuliza akili yaliyotolewa na walimu kwa darasa zima, kwa wanafunzi zaidi ya 8,000, hayakushinda masomo ya kawaida. Ukiyaweka pamoja unaona kwamba anayemsaidia kijana si lazima awe mtaalamu, lakini kummwagia kila mtu msaada bila ya kuchagua mwenye shida ni kupoteza pesa. Unaona pia kwamba nafuu peke yake haithibitishi kitu. Tutalirudia hili.

Kwa Zanzibar sababu za kuanzia kwenye jamii ni nzito. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, na hospitali ya maradhi ya akili ni Kidongo Chekundu, Unguja mjini. Kwa mtu wa Micheweni, Pemba, kuna bahari katikati, nauli ya boti ya watu wawili kwenda na kurudi, na mahali pa kulala. Juu ya hayo kuna jina lenyewe: kumwambia mtu "nenda Kidongo Chekundu" ni tusi, na kijana mwenye dhiki ya kawaida hatakubali kuonekana getini hapo. Tena jamii haianzi sifuri. Wasichana wamekuwa na somo wao tangu zamani, mtu wa kuambiwa yasiyosemwa kwa mama. Nyumba za upataji nafuu, ambazo wenyewe wanaziita soba, zinaendeshwa na watu waliowahi kutumia unga, na zimeonesha kuwa aliyepita njia husikilizwa pale ambapo daktari hasikilizwi.

Hapa ndipo upande wa pili wa hoja unapoingia, na kwa maoni yetu ndio unaoamua kila kitu. Ukaribu huohuo unaomfanya mshauri aaminike ndio unaomfunga kijana mdomo. Katika shehia ya Pemba mshauri ni binamu wa mama yako, au mke wa maalim wako, au anauza vitumbua kwenye njia unayopita kila asubuhi. Benchi likiwekwa chini ya mwembe mbele ya kituo cha afya, kabla ya magharibi nusu ya kijiji imeshajua nani alikaa na kwa muda gani. Kijana wa kiume ataeleza kichwa kinachouma na usingizi usiokuja. Hataeleza deni la kamari wala unga. Msichana ataeleza mawazo ya mtihani. Hataeleza anayemsumbua ndani ya nyumba. Mshauri ataondoka akiamini amefanya kazi nzuri.

Dawa zake ni ndogondogo na zinajulikana. Mshauri atoke shehia ya jirani, si yake. Kikao kiwe mahali pa kuonekana lakini pasiposikika, na kwenye jengo linalotoa huduma nyengine pia, ili anayeingia asijulikane amefuata lipi. Daftari liandikwe namba, si majina. Orodha ya majina na namba zake ikae kwenye kabati la kituo cha afya, isikae kwa sheha: sheha ni mtu wa serikali, na kijana anajua hivyo hata kama sheha mwenyewe ni mtu mwema. Vikao visifanyike maskani. Maskani nyingi zina rangi ya chama, na ukiweka kikundi kwenye moja umewafukuza wa upande wa pili bila ya kusema neno. Msichana apewe mwanamke. Na siri ina mpaka unaotajwa kikao cha kwanza: nitanyamaza kwa yote isipokuwa nikiona maisha yako, au ya mtu mwengine, yako hatarini.

Kuhusu kusomewa na kunywa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya Kurani, kumkataza mtu ni kumpoteza, na maalim anayeelewa dalili huleta wagonjwa mapema kuliko tangazo lolote. Madhara yanaanza pale kisomo kinapochukua nafasi ya matibabu. Kwa anayesikia sauti, asiyelala usiku kadhaa mfululizo, anayeanguka kifafa au anayezungumzia kufa, wiki tatu za kusubiri kisomo kifanye kazi ni nyingi mno. Huyo si wa mshauri wa shehia hata kidogo. Anahitaji rufaa siku hiyohiyo, na mtu wa kumsindikiza. Karatasi peke yake haimfikishi mtu.

Sasa kupima. Ripoti nyingi huhesabu waliohudhuria, zikaongeza picha ya vijana wakitabasamu. Kipimo kinachotumika sana ni hojaji ya maswali tisa, PHQ-9, inayouliza wiki mbili zilizopita. Alama huanzia 0 mpaka 27. Kwa kawaida 10 na zaidi huhesabiwa kuwa inastahili kuangaliwa, na kushuka kwa alama 5 ndiko kunakochukuliwa kuwa nafuu ya kweli. Chukua mfano. Vijana 40 wameanza na wastani wa 14. Waliomaliza ni 22, na wastani wao umefika 8. Ripoti itaandika "wameshuka alama 6." Wale 18 walioacha wako wapi? Ikiwa wamebaki na 14 zao, wastani wa wote ni 10.7, na nafuu ni 3.3. Hata hiyo si yote ya mradi, kwa sababu mtu huingia akiwa kwenye hali yake mbaya kabisa, na wengine wangepoa wenyewe. Ndiyo maana panahitajika shehia za kulinganisha: mbili zianze, mbili zisubiri miezi mitatu, zote zipimwe siku zilezile. Hakuna anayenyimwa, ni foleni tu, na foleni ingekuwepo vyovyote.

Kalenda nayo hudanganya. PHQ-9 inauliza usingizi na hamu ya kula. Ukipima Ramadhani, watu wanakesha, wanaamka kula daku na wanashinda na njaa, hivyo alama zitapanda bila ya sonona yoyote. Ukipima kabla ya mtihani wa kidato cha nne na kurudia baada yake, zitashuka bila ya mshauri yeyote. Msimu wa karafuu vijana wako mashambani na mahudhurio yanaanguka. Mwenye mradi atafikiri huduma imekataliwa. Makosa mengine ni ya mkono wa mtu. Mshauri akimpima kijana wake mwenyewe, kijana atajibu kwa heshima. Aulize mtu mwengine, kwa sauti, kwa Kiswahili cha hapa, na swali la tisa, la fikra za kujidhuru, lisirukwe kwa haya. Jibu lolote zaidi ya "hapana kabisa" lifuatiliwe kabla kijana hajaondoka. Anayepima bila ya kujua atampeleka wapi aliyejibu ndiyo, bora asipime.

Kinachoua miradi hii mara nyingi si mafunzo mabaya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano vya dakika tisini unaweza kufundishwa kwa siku nane hivi. Kinachokosekana ni usimamizi baada ya hapo. Mshauri anayesikia habari za kupigwa na kubakwa bila ya mtu wa kumpelekea mzigo huo ataanza kutoa nasaha za haraka: subiri, sali, olewa. Mwezi wa tatu haji tena. Washauri wanne mpaka sita kwa msimamizi mmoja, kikao cha muda wa saa mbili kila wiki, kila mshauri akiwa na vijana wasiozidi watano kwa wakati mmoja, hicho ni kiwango kinachobebeka. Posho ya nauli iwepo. Kujitolea kwa mwanamke mwenye biashara ndogo maana yake ni kupoteza mauzo ya siku hiyo.

Kwa hiyo tungeunga mkono mradi kama huu Pemba, kwa sharti: shehia nne, si arubaini, na nesi mmoja wa afya ya akili aliyelipiwa muda wake kabla mshauri wa kwanza hajachaguliwa. Bajeti ikipunguzwa, na hupunguzwa, zitolewe shehia mbili zilizokuwa zinasubiri, hata kama ulinganisho utapotea. Saa mbili za usimamizi za kila wiki zisiguswe.